Arudiye Shuleni na Habari za Wale Kenda

Kila mwaka, siku za mahafali zikaribiapo, sisi walimu huketi pamoja tukaulizana, Je, safari hii tumwalike nani? Maana imekuwa desturi katika shule zetu za sekondari kumwita mtu aliyesoma hapo zamani, aje asimame mbele ya wanafunzi na wazazi, awaambie maneno ya kuwafaa. Naye huja, aghalabu baada ya miaka ishirini au thelathini, amevaa nguo njema, na wadogo humtazama kama watazamavyo mti wenye matunda. Huketishwa meza kuu, husomewa risala, hupigiwa makofi. Kisha hutoa ahadi ya mabati au madawati, akaenda zake.

Jambo hili ni jema, wala hatuandiki ili tulikataze. Lakini ndani yake limo swali ambalo twaona halijaulizwa vya kutosha, nalo ni hili: mtu arudiye katika shule aliyosomea, baada ya miaka mingi, ana deni gani kwa wale awakutao pale? Wengi hujibu upesi, Deni lake ni shukrani, na shukrani ni kutoa. Sisi twasema, Naam, na atoe. Bati ni bati, na mvua haingoji hotuba iishe. Lakini twaona liko deni lililotangulia bati, nalo ni ushuhuda wa kweli. Tena twaona kwamba deni hili ni gumu kulilipa kuliko lile la mabati, kwa sababu arudiye si mtu yeyote tu. Yeye ni mmoja wa wale waliofika.

Tuanze na jambo dogo ambalo kila aliyerudi amelijua. Ukifika, waona vitu vimepungua. Uwanja wa paredi, ambao zamani ulikuwa kama jangwa mtu alipoitwa mbele ya wenzake, leo ni ua tu. Njia ya kutoka bwenini kwenda bwalo la chakula ilikuwa safari. Leo waimaliza kabla hujamaliza salamu. Kipande cha reli kilichotundikwa mwembeni, ndicho kengele, hakifiki hata urefu wa mkono, nacho zamani kikilia tulitetemeka. Bila shaka uwanja haukupunguzwa wala reli haikukatwa. Sisi ndio tuliokua, na kumbukumbu yetu ilihifadhi vitu kwa kipimo cha mtoto.

Basi hapa pana fundisho kwa mtu mwenye kufikiri. Ikiwa kumbukumbu hukosea katika mambo yanayopimika kwa hatua, uwanja na njia na kengele, je, haitakosea zaidi katika mambo yasiyopimika, kama ukali wa adhabu, au wema wa siku zile, au sababu iliyofanya huyu afaulu na yule apotee? Wazee walisema, Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hakuna mwamba ngoma hodari kama mtu asimuliaye ujana wake mbele ya watu wasiokuwapo. Kwa hiyo ashuhudiaye imempasa kwanza aushuku ushuhuda wake mwenyewe, atafute kitu cha kuupimia.

Nacho kitu hicho kipo katika kila shule. Sisi tulipopita katika shule yetu baada ya miaka karibu ishirini, mwalimu wa taaluma alitufungulia kabati, tukaona daftari la wanafunzi wa mwaka wetu. Majina yalikuwa yamepangwa kwa mwandiko mzuri, na mengi katika hayo yalikuwa yamepigwa mstari mwekundu. Pembeni mwa mstari liliandikwa neno moja tu: ada, au mimba, au amehama, na mara nyingi kuliko yote, utoro. Tuliyasoma majina hayo moja moja. Wengine tulikuwa tumewasahau kabisa, nao waliketi dawati moja nasi.

Neno hili utoro linastahili kutazamwa. Katika pwani yetu ya kale mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Bwana alipopoteza mtu aliuliza, Amekimbilia wapi? Hakuuliza, Amekimbia nini? Neno lenyewe lilikwisha kumhukumu mkimbizi, wala halikuacha nafasi ya kuuliza habari za aliyekimbiwa. Na leo mwalimu aandikapo utoro pembeni mwa jina la mtoto, hutenda vivyo hivyo bila kukusudia. Mtoto yule labda alikimbia njaa, labda fimbo, labda mtu aliyemvizia njiani asubuhi kabla ya kucha, labda aibu ya sare iliyochanika. Daftari halisemi. Lasema alikwenda, basi.

Wasomaji wetu waijua habari iliyomo katika Injili ya Luka, ya wenye ukoma kumi waliotakaswa, na mmoja tu akarudi kushukuru. Huyo mmoja aliporudi, jambo la kwanza aliloulizwa halikuwa juu yake mwenyewe. Lilikuwa juu ya wale kenda, waliko. Habari hii husomwa kila mara ili kutufundisha shukrani, nasi twaikubali. Lakini twaomba itazamwe pia kwa upande huu wa pili, kwamba arudiye huulizwa habari za wasiorudi. Tena iko tofauti moja kubwa kati ya kenda wale na kenda wetu. Wale walikuwa wamepona kama mwenzao, wakaacha kurudi. Wetu wengi hawakupona, wala hakuna aliyewaandikia barua ya mwaliko. Kwa hiyo hatuwezi kuwaita wasio na shukrani. Twaweza tu kuulizwa juu yao, na kujibu au kunyamaza.

Sasa tutazame ni ushuhuda gani wa uongo utolewao mara nyingi katika mahafali zetu, na wengi wautoao ni watu waaminifu wasiojua kwamba wasema uongo.

Wa kwanza ni huu: Siku zetu tulichapwa, ndiyo maana mwatuona hapa. Maneno haya hupendwa sana. Wazazi hucheka, na walimu wengine hutikisa kichwa kwa kukubali. Lakini tuyapime. Mtu alipanda miembe kumi, ukaja ukame, miti kenda ikafa, mmoja ukasalia ukazaa. Yule mtu akila embe lake akasema, Ukame ndio uliolitia embe hili utamu, tutamwambiaje? Tutamwambia, Ndugu, ungeihesabu na miti iliyokufa. Vivyo hivyo aliyechapwa akafika hawezi kujua kama alifika kwa sababu ya fimbo au juu ya kuwa alichapwa. Shahidi ambaye angetuambia ni yule aliyechapwa akaacha shule, na huyo hayupo meza kuu. Adhabu ya kaburi aijua maiti.

Wala jambo hili si maneno matupu ya kupitishia wakati. Kanuni zilizotolewa katika Tanzania mwaka 2002 ziliagiza kwamba fimbo zisizidi 4 kwa wakati mmoja, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye idhini ya maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Jirani zetu wa Kenya walikwisha kuikataza fimbo shuleni mwaka 2001. Kwa hiyo watu wazima wenye akili wamelipima neno hili, wakapunguza, au wakakataza. Mgeni asimamapo akaisifu fimbo isiyo na hesabu ya siku zake, wako walimu vijana wanaomsikia, na kesho yake asubuhi wataingia darasani. Neno lake litaangukia mgongo wa mtoto ambaye hamjui. Ndiyo maana twasema liko jambo zito hapa.

Ushuhuda wa pili wa uongo ni mtamu zaidi, nao ni huu: Nilifika kwa juhudi zangu, nanyi mkijitahidi mtafika. Nani atakataa kwamba juhudi ni njema? Sisi walimu twaihubiri kila siku. Lakini tukumbuke mambo yalivyokuwa. Kabla ya Januari 2016, elimu ya sekondari mpaka kidato cha nne ilipofanywa kuwa bila ada, shule za serikali zilitoza shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Na juu ya hizo palikuwa na michango, sare, godoro, na nauli. Sasa fikirini nyumba yenye watoto wawili waliofaulu mtihani wa darasa la saba mwaka mmoja, mvulana na msichana, na zizini yumo ng'ombe mmoja wa kuuza. Ng'ombe aliuzwa. Mvulana alikwenda. Msichana alibaki, akachota maji, akauguza bibi yao, akaolewa. Miaka thelathini baadaye yule mvulana asimama mahafalini na kusema, Ni juhudi tu. Je, dada yake hakuwa na juhudi? Alifaulu mtihani ule ule. Anaposema ni juhudi tu, amempiga dada yake mstari mwekundu kwa mara ya pili, tena kwa kinywa kilichokula mahindi aliyoyatwanga yeye.

Hatusemi mtu huyo ni mwovu. Twasema hakuhesabu. Juhudi yake ni ya kweli, lakini si kweli kwamba ilikuwa juhudi peke yake. Na mtoto mhitaji amsikiaye, ambaye amejitahidi mpaka macho yamevimba wala hajafika, atafanya hesabu yake mwenyewe kimya kimya: Kama afikaye ndiye aliyejitahidi, basi mimi nisiyefika ni mvivu au mjinga. Hivyo hotuba iliyokusudiwa kumtia moyo imemvunja moyo, na hakuna aliyejua.

Ushuhuda wa tatu wa uongo ni wa kunyamaza. Katika mwaka wetu, kama katika miaka mingi, walikuwapo wasichana waliokuwa hodari kutupita sisi wavulana katika hesabu, kisha siku moja dawati likawa tupu. Kanuni za mwaka 2002 juu ya kufukuza wanafunzi zilitaja makosa ya maadili, na ndoa, kuwa sababu za kumwondoa mtoto shuleni. Na chini ya neno hilo la maadili waliondolewa waliopata mimba. Yule aliyemtia mimba aghalabu hakuandikwa katika daftari lolote. Mwezi wa Juni 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba msichana aliyezaa hatarudi katika shule za serikali. Mwezi wa Novemba 2021, katika wakati wa Rais Samia Suluhu Hassan, wizara ya elimu ilitangaza kwamba waweza kurudi. Basi neno hilo hilo, kurudi shuleni, ambalo kwetu ni karamu na makofi, kwa wenzetu hawa lilikuwa mlango uliofungwa, hata ulipofunguliwa wengi walikuwa wamekwisha kuwa wazee wa roho. Serikali ilibatilisha katazo lake. Lakini mgeni asimamaye akahesabu watu wakubwa waliotoka mwaka wake, fulani ni daktari, fulani ni mkuu wa wilaya, wala asiseme kwamba darasani mwake aliyeongoza hesabu alikuwa binti aliyeondolewa, huyo bado anaufuata mstari mwekundu.

Mtu aweza kuuliza, Je, shule na wasomi wao zimepata kuwa na desturi ya ushuhuda kama huu mwutakao, au ni jambo jipya la kubuni? Twajibu kwamba si jipya. Katika kazi yetu hii ya ualimu tunao watangulizi wa Kiungani, shule ya misheni ya UMCA kule Unguja. Wanafunzi wengi wa mwanzo wa misheni ile walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Mwaka 1887 kilichapwa London kitabu chenye habari walizoandika wavulana wa Kiungani, juu ya nchi zao walizozaliwa, na jinsi walivyokamatwa, wakauzwa mkono hata mkono, wakafika pwani. Aliyezifasiri kwa Kiingereza ni A. C. Madan, yule yule aliyetunga kamusi za Kiswahili. Na mwaka 1888 likaanza kupigwa chapa hapo hapo Kiungani gazeti la Msimulizi, moja katika magazeti ya kwanza kabisa ya lugha yetu, ambamo walimu waliotawanyika katika vituo vya bara na visiwani waliandikiana habari.

Tuwe waangalifu hapa, tusije tukafanya kosa lile lile tunalolikemea. Habari za wavulana wale zilipita katika mkono wa mfasiri, zikapangwa kwa ajili ya wasomaji wa Uingereza. Bila shaka ngoma ile nayo ilivutwa upande mmoja. Tena walioandika ni wale waliofika Kiungani. Waliofia njiani hawakuandika. Lakini liko jambo moja la kulistahi: kijana aliulizwa, Ilikuwaje? naye akajibu ilivyokuwa, na katika majibu yale wamo mama na ndugu na wenzi wa minyororoni ambao hawakuonekana tena. Shule ile haikumtaka asimulie tu jinsi alivyopata bahati. Ilimtaka aseme alikotoka na walioachwa. Watoto waliopoteza karibu kila kitu waliweza kushuhudia hivyo; sisi tuliokula ugali wa shule miaka minne twashindwa na nini?

Sasa twajua kwamba wako watakaotupinga, na hoja zao si za kudharauliwa.

Wa kwanza atasema, Watoto wahitaji kutiwa moyo. Mkiwaambia habari za walioanguka, wataanguka nao. Twamjibu kwa mfano. Sisi tulisoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha tukaingia kidato cha kwanza, na siku ya pili mwalimu akafundisha kila kitu kwa Kiingereza. Muhula mzima tulinakili ubao kama mtu achoraye nyayo za ndege mchangani, asijue ndege gani. Kila mmoja wetu alidhani kwamba wenzake wanaelewa, naye peke yake ndiye mzito wa kichwa. Kama angekuja mtu mzima mwenye cheo, akasema mbele ya shule, Mimi nami sikuelewa neno hata Pasaka, na wako wenzangu wawili waliotoroka kwa sababu hiyo hiyo, nao hawakuwa wajinga, neno hilo lingetuvunja moyo? Lingetuinua. Mtoto ajuaye kwamba mlima ni mlima, haulaumu mguu wake. Ila yeye aliyeambiwa kwamba njia ni tambarare, akijikwaa hujiona kilema.

Wa pili atasema, Kusema mabaya ya shule ni utovu wa adabu. Walimu wetu wa zamani wengine wapo hai, wameketi pale pale kwenye viti vya mbele. Hoja hii yatugusa sana, maana sisi nasi ni walimu, na siku moja tutaketi katika viti hivyo. Lakini tutofautishe mshitaki na shahidi. Mshitaki ataka mtu ahukumiwe. Shahidi ataka jambo lijulikane. Shahidi aweza kusema, Wakati ule fimbo zilikuwa hazina hesabu, asimtaje aliyechapa. Kadhalika shukrani ya kweli ina majina na vitu ndani yake. Mwalimu aliyebaki darasani baada ya kengele, akawasha taa ya chemli kwa mafuta aliyonunua kwa mshahara wake, huyo atajwe kwa jina na taa yake itajwe. Lakini kuisifu shule yote kwa jumla, mwema na mkali sawasawa, ni kumnyima mwema haki yake. Walimu wote wakisifiwa pamoja, yule wa chemli hakupata kitu.

Wa tatu atasema, Nasi tutajuaje sababu zilizowaondoa wengine? Na kama tukijua, je, ni haki kufunua siri ya mwanamke mwenye watoto sasa, mbele ya kijiji kizima? Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, nayo yatuonyesha njia. Si haki kumfunua mtu asiyetaka kufunuliwa. Tena si haki kumsemea mtu uwezaye kumwuliza. Basi kazi ya arudiye huanza kabla ya siku ya mahafali, wala haianzi kwa fundi cherehani. Huanza kwa kutafuta, katika wale wa mwaka wake, mmoja asiyemaliza, akamwendee nyumbani, amwamkie, aketi, aulize, Ilikuwaje? Huenda atapata jibu. Huenda atapata chai tu na kimya, na kimya nacho ni haki ya mwenyewe. Huenda mwenzake atasema, Waambie, lakini jina langu liache. Huenda atasema, Nitakuja mwenyewe.

Watu wengine huogopa safari hii kuliko hotuba yenyewe, na si ajabu. Mbele ya shule nzima twaonekana wakubwa. Mbele ya mtu mmoja aliyeketi nasi dawati moja twaonekana tulivyo. Yeye anajua kwamba tulinakili hesabu zake. Usisahau ubaharia kwa unahodha, walisema wazee, na hakuna akumbushaye ubaharia kama baharia mwenzio aliyebaki forodhani.

Kisha yako yatupasayo sisi walimu, kwa kuwa kalamu iko mikononi mwetu mara mbili: tunapoandika mialiko, na tunapoandika daftari. Kwa habari ya mialiko, twatoa shauri dogo. Shule iandikapo barua kwa mkubwa mmoja aliyesoma hapo, na iandike ya pili kwa mtu mmoja ambaye jina lake lilikatwa. Asiitwe ili aonyeshwe kama onyo. Huo ungekuwa ukatili kupita kumsahau. Aitwe kwa kuwa ni mwanafunzi wa shule, aketi katika viti vya wageni, asalimiwe. Akitaka kusema, aseme. Asipotaka, ale wali pamoja na wenzake. Wanafunzi wana macho. Watajua kwamba shule yao ina kumbukumbu kubwa kuliko orodha ya waliofaulu, na kwamba siku wakianguka wao, hawatafutwa.

Kwa habari ya daftari, shauri letu ni dogo zaidi. Mtoto asipoonekana siku tatu, nne, juma zima, kabla hatujaandika utoro, tuulize, Anakimbia nini? Aulize mwalimu wa darasa, waulizwe majirani, aendewe mzazi. Twajua kwamba darasa la watoto wengi lamchosha mwalimu mmoja, na kwamba njia za vijijini ni ndefu. Hata hivyo pembeni mwa jina pana nafasi ya kutosha kuandika maneno matano badala ya moja. Ameacha, baba mgonjwa, anauza karanga stendi. Aandikaye hivyo ameanza ushuhuda ambao mgeni wa miaka thelathini ijayo atauhitaji. Tena huenda akaona, kwa kuandika tu, kwamba mtoto wa kuuza karanga stendi hayuko mbali, na kwamba Jumamosi aweza kwenda kumsalimu.

Wala asidhani msomaji kwamba twawataka wageni wa mahafali waje wakiwa na nyuso za msiba. Kurudi shuleni ni furaha, na furaha ina haki yake. Mtu na aende auone mwembe, aguse ukuta wa bweni, aonje uji wa bwalo kama bado una ladha ya moshi. Acheke na rafiki zake habari za mpira na za majina ya utani. Hayo yote ni yake. Tuombalo ni kwamba apewapo nafasi ya kusema, na vijana mia kadha wakimtazama wakitafuta katika uso wake dalili ya maisha yao yatakavyokuwa, awaambie kweli jinsi alivyofika, ni nani walimbeba, ni nani waliachwa, na yepi katika mambo ya siku zile hayafai kurudishwa. Akiisha kusema hayo, ndipo aahidi mabati. Nayo yatapokewa kwa shukrani.

Haya ndiyo tuliyoyaona sisi. Mwalimu mwenzetu aliyeona tofauti, au aliyejaribu shauri hili katika shule yake akapata jambo la kutufunza, na aandike, tusome.